Kioo cha jiko la kuni kimekuwa cheusi tii, mnasafishaje?

mama_wawili: Wakuu habari, niko huku Norway, nyumba tuliyopanga ina lile jiko la chuma la kuni la kupasha joto sebuleni, sasa kioo cha mlango kimekuwa cheusi tii hata moto hauonekani, nimesugua na sabuni ya vyombo wapi. Mnatumia nini?

kuni_kavu: Pole dada. Usinunue dawa kwanza. Jiko likipoa kabisa chukua gazeti likunje, lilowanishe kidogo, chovya kwenye jivu la humo humo, lile laini jeupe, lenye vipande vya mkaa litakwaruza, halafu sugua kwa kuzungusha. Utaona uji mweusi unatoka, futa na gazeti lingine. Stilwaya usiguse kabisa.

Mzee wa Baridi: Jamaa kamaliza ila kama kinarudi cheusi kila siku shida sio kioo, ni kuni. Unyevu uwe chini ya asilimia 20, kuna kipimo unachomeka kwenye gogo ukishalipasua. Na acheni kubana hewa usiku ati moto udumu, unafukuta tu, moshi unaganda kwenye kioo na kwenye bomba la moshi, na bomba ndo hatari zaidi maana linaweza kushika moto.

mama_wawili: Duh jivu limetoa kweli! Imebaki kona ya chini. Kuni tumenunua juzi tu, zikiungua zinatoa povu kwenye ncha za gogo.

kuni_kavu: Mbichi hizo. Zipange nje penye upepo, juu zifunike, utazitumia mwakani.