Multimita ya bei nafuu kwa umeme wa nyumbani: ipi kati ya hizi tatu?

waya_mwekundu

Habari wakuu. Natafuta multimita ya dijitali ya bei ya chini kwa kazi za nyumbani tu: kuangalia soketi na swichi, kujua kama elementi ya birika imekatika, kupima adapta na betri ya sola ya volti 12. Umeme ni wa volti 230. Nimebaki na tatu za kuchagua:

1. Ile ndogo ya mtindo wa DT-830, unayochagua kipimo mwenyewe kwa kuzungusha nobu, ya betri ya volti 9.
2. Inayochagua kipimo yenyewe, inahesabu hadi 6000 kwenye skrini, imeandikwa CAT III 600V, ila haina kabisa tundu la ampea.
3. Yenye kila kitu: joto, kapasita, NCV (kunusa umeme bila kugusa waya), tochi, ampea 10, na imeandikwa CAT III 1000V. Bei yake inakaribiana na ya pili.

Ya tatu inanivuta kwa wingi wa vipimo. Je, kukosa ampea ni hasara kubwa? Na True RMS (kusoma thamani halisi ya umeme wa AC) ni ya lazima?

---

fyuzi_ya_kauri

Chukua namba 2. Mita za nyumbani hazitofautiani sana kwa wingi wa vipimo, zinatofautiana kwa kinachotokea siku umekosea.

Kosa lenyewe ni hili. Mtu amepima ampea, waya mwekundu ukabaki kwenye tundu la 10A. Kesho yake anageuza nobu kwenye volti na kuingiza ncha kwenye soketi. Nobu haimwokoi, kwa sababu kati ya tundu la 10A na COM (tundu la waya mweusi) kuna kipande kinene cha waya chenye ukinzani wa sehemu ndogo tu ya omu. Amepiga shoti laivu na nyutro, na shoti yenyewe ameishika kiganjani.

Mkondo wa hapo kwenye soketi ni mamia ya ampea, na karibu na mein swichi unaweza kufika maelfu. Sasa angalia fyuzi. Fyuzi ya kioo ya kawaida, 5 × 20 mm ya 250V, inaahidi kukata salama ampea 35 au mara 10 ya ukubwa wake, kile kilicho kikubwa. Ya 10A basi mwisho wake ni ampea 100. Ukizidisha, uzi unakatika kweli, lakini mvuke wa chuma unaendelea kupitisha umeme ndani ya kioo, joto linapanda, kioo kinapasuka na mita nayo inapasuka. Fyuzi ya kauri imejazwa mchanga. Uzi ukikatika mchanga unayeyuka, unanyonya lile joto na kuizima cheche. Hizo utazikuta 6 × 32 mm au 10 × 38 mm, zimeandikwa 600V au 1000V, na uwezo wa kukata wa kA 10 (ampea 10,000) na kuendelea.

Nyingi za mtindo wa DT-830 zimeandikwa UNFUSED pembeni ya tundu la 10A, yaani hata hiyo ya kioo hamna. Kwa betri na adapta inakufaa vizuri. Kwenye soketi usiipeleke.

Kuhusu CAT, yaani daraja la mahali mita inapofaa kutumika kwa usalama: CAT II ni kwa vyombo vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni nyaya za ukutani na boksi la sakiti breka. CAT IV ni kuanzia waya unaoingia nyumbani hadi kwenye mita ya kulipia. Ile volti inayofuata nayo ina uzito wake, kwa sababu inaeleza ukubwa wa pigo la ghafla ambalo mita inatakiwa kulistahimili, kama lile la radi ya mbali au mota kubwa inapozimwa. CAT III 300V inapimwa kwa pigo la volti 4000, CAT III 600V kwa volti 6000. Ukiona "CAT III" tupu bila volti, achana nayo.

Mita isiyo na tundu la ampea haina mahali pa kufanyia lile kosa la kwanza. Hata Fluke 101, mita ya bei ya chini ya kampuni ya Fluke, haipimi ampea kabisa.

---

omu_sifuri

Naunga mkono, ila namba 3 isihukumiwe bila kuangaliwa. Kazi yenyewe ni ya dakika tano:

Soma maandishi ya pembeni ya tundu la ampea. Mita ya kweli ya CAT III 1000V itaandika kitu kama "10A 1000V FUSED". Ikiandika "10A 250V" wakati juu inajitangaza 1000V, imejisema yenyewe kwamba maandishi ya juu si ya kweli. Kisha soma ukurasa wa fyuzi kwenye kijitabu chake: ukubwa kwa milimita, volti, na uwezo wa kukata. Ukurasa huo ukikosekana, hesabu kwamba ni ya kioo.

Alama ya CE peke yake haikwambii mengi, kwa vifaa hivi mtengenezaji huiweka mwenyewe. UL, ETL, CSA au TÜV/GS ni za maabara za nje zilizopima kifaa, japo nazo zinaghushiwa, kwa hiyo hakiki namba ya cheti kama ipo.

Ukiruhusiwa kufungua mgongo, tazama bodi. Unatafuta fyuzi nene nyeupe za kauri, visahani vya MOV vya kuzuia pigo la ghafla (vya duara, mara nyingi vya bluu) karibu na matundu, na mipasuo iliyokatwa kwenye bodi ili umeme usiruke kutoka njia moja hadi nyingine. Ukikuta vioo viwili vyembamba na nafasi zilizochapishwa majina ya vifaa lakini hazina kitu, basi mita imepunguzwa ulinzi ili ishuke bei.

Na nyaya za kupimia! Hapa ndipo watu wanapoibiwa bila kujua. Mita ya CAT III yenye nyaya za CAT II inakuwa CAT II. Nyaya nazo lazima ziwe na CAT na volti zake, ziwe na kikomo cha vidole, na ncha ya chuma iliyo wazi isizidi mm 4 unapopima umeme mkubwa. Zile ncha ndefu za mm 18 zinaweza kugusa skrubu mbili kwa pamoja ndani ya boksi. Tafuta za silikoni. Zile za plastiki ngumu zikikunjwa mara nyingi hukatika ndani pale shingoni, na huoni kitu kwa nje. Kuzipima: weka kwenye omu, gusanisha ncha, ukapinde-pinde shingo za nyaya. Nzima zinakaa kati ya omu 0.1 na 0.5. Namba ikirukaruka au ikija OL (yaani njia imekatika au ukinzani umezidi kipimo), badilisha.

---

waya_mwekundu

Asanteni sana, sikuwa najua habari ya fyuzi. Swali la nyongeza: kwenye waya wa taa, swichi ikiwa imezimwa, mita ya dijitali inaonyesha volti 70 hivi. Taa haiwaki. Je, mita ni mbovu au waya una hitilafu?

---

nyutro_huru

Mara nyingi si mita wala waya. Hizo ni volti hewa.

Multimita ya dijitali ina ukinzani wa takriban megaomu 10 upande wa volti, maana yake inanyonya mkondo mdogo mno. Waya uliokatwa ukiwa umelala sambamba na waya wenye umeme kwa mita kadhaa, hizo mbili zinakuwa kapasita ndogo, na chaji kidogo inayovuka inatosha kuisukuma mita ionyeshe 40, 70, hata 100. Ukiweka mzigo wowote, inaanguka hadi karibu sifuri.

Kuthibitisha, chomeka kwenye laini hiyo balbu ya nyuzi, kisha pima tena. Ikishuka kuwa volti moja au mbili, ilikuwa hewa. Ikibaki palepale, kuna umeme wa kweli. Usitumie balbu ya LED kwa jaribio hili, mzigo wake ni mdogo na nyingine huwaka hafifu kwa umeme huohuo wa hewa.

Mita zenye LoZ (kipimo cha ukinzani mdogo) zinafanya kazi hiyo zenyewe, zinashusha ukinzani wa ndani hadi kiloomu chache. Tahadhari moja: LoZ ya kiloomu 3 kati ya laivu na ethi ya volti 230 inapitisha karibu miliampea 77, na RCD (swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 itakata nyumba nzima. Tumia LoZ kati ya laivu na nyutro.

Volti hewa zisikuzoeshe kudharau namba. Kabla ya kugusa waya wowote: pima kwanza soketi unayojua ina umeme, pima waya unaotaka kuugusa, kisha rudi upime soketi ile ya kwanza. Mita au betri ikifa katikati, kile kipimo cha tatu ndicho kitakachokuonyesha. NCV haichukui nafasi ya utaratibu huu. Hainusi umeme kupitia kebo yenye ngao ya chuma, na kwenye nyaya nyingi za pamoja inalia bila kukuambia ni upi.

---

fyuzi_ya_kauri

Nimalizie yaliyobaki ya swali la kwanza.

True RMS: kwa soketi za kawaida tofauti ni ndogo. Inakuwa muhimu kwenye swichi za kupunguza mwanga na invata za bei ya chini zinazotoa wimbi la ngazi. Chukua wimbi la ngazi lenye kilele cha volti 325 linalokaa juu nusu ya muda: thamani yake halisi ni 230, lakini mita isiyo ya True RMS, inayokadiria kwa wastani, inasoma kama 180, na mtu anaanza kufungua invata isiyo na tatizo. Una sola. Ikiwa una invata ya namna hiyo, True RMS ina faida. Kama ni betri na taa za DC tu, usiilipie.

Usahihi: mita ya ±(0.8% + tarakimu 3) ikisoma 230.0 inaweza kukosea kwa volti 2.1 hivi. Kwa nyumbani inatosha kabisa. Kwa betri ya volti 12 unataka kuona nukta mbili, maana betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inakaa 12.6 hadi 12.7, na ikishuka karibu 12.0 imeisha.

Ampea ukizihitaji baadaye, nunua mita ya kubana. Banisha waya mmoja tu, laivu au nyutro. Ukibana kebo nzima mikondo miwili inafutana na utasoma sifuri.

Soketi pima hivi: laivu na nyutro 230 hivi, laivu na ethi karibu sawa na hiyo, nyutro na ethi volti chache tu. Laivu na ethi ikisoma namba ya kuelea kama 90, huenda ethi imekatika. Nyutro na ethi ikisoma 230, laivu na nyutro zimebadilishana. Lakini multimita haithibitishi ubora wa ethi. Hata waya mmoja mwembamba ulioshikilia kwa uzi mmoja utasoma 230 safi. Hiyo ni kazi ya kipimo cha ethi.

---

omu_sifuri

Kwa birika: chomoa kwanza, washa swichi yake, pima omu kati ya pini ya laivu na nyutro za plagi. La wati 2000 kwa volti 230 linatakiwa kusoma karibu omu 26. OL maana yake elementi, swichi au kikata-joto kimoja kimekatika. Usitegemee mlio peke yake, mita nyingi hulia hadi omu 30 au 50, kwa hiyo waya uliolegea nao utalia kama mzima.

Kisha pini ya laivu na pini ya ethi: lazima OL. Ukiona kiloomu kadhaa, maji yameingia kwenye elementi. OL nayo haiisafishi moja kwa moja, kwa sababu mita inapima kwa volti zisizofika 3, na uvujaji mwingine unajitokeza kwenye volti 500 za megga (kipimo cha insulesheni) tu. Birika linaloangusha RCD likipata moto huku mita ikionyesha OL likiwa baridi, badilisha elementi.