Jaji hakupigiwa kura, anafutaje sheria ya Bunge?

kipepeo_usiku: Jamani nielewesheni. Wabunge tumewachagua wenyewe, wanajadili wanapitisha sheria, rais anasaini, halafu anakuja jaji ambaye hakuna hata mtu mmoja aliyempigia kura anasema hii batili, inakinzana na Katiba, kwisha habari. Huo ubavu anautoa wapi?

mzee_wa_hoja: Bunge lenyewe limezaliwa na Katiba, haliwezi kuipanda kichwani. Kesi inayotajwa kila siku ni ya Marekani 1803, jamaa anaitwa Marbury kateuliwa hakimu, hati imesainiwa na muhuri umegongwa ila haijamfikia, serikali mpya ikaikalia. Akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. Jaji Mkuu Marshall akamwambia haki unayo, ila kile kifungu cha sheria ya Bunge kilichokuruhusu uanzie kwetu kinatupa mamlaka ambayo Katiba haikutupa, kwa hiyo hakifai. Kichekesho sasa, huyo Marshall ndo alikuwa waziri wa serikali iliyotoka aliyetakiwa kuhakikisha hizo hati zinafika 😂

dada_sheria: Na mahakama haiulizi sheria ni nzuri ama mbaya, wala haiamki asubuhi ikaanza kusaka za kufuta, lazima mtu afungue shauri. Chukulia serikali imepiga marufuku maandamano nchi nzima kisa kuna mtaa maduka yalivunjwa. Jaji ataangalia haki gani imeguswa, aliyetoa amri kapewa mamlaka na sheria ipi, lengo ni halali? Hapo serikali inapita, kulinda mali ni lengo halali kabisa. Kimbembe ni swali linalofuata, hakukuwa na njia nyepesi zaidi? Kubadilisha barabara ya kupita, kuongeza askari pale mtaani? Kesi nyingi vita viko hapo.

bwana_kando: Ila si kila mahali. Uingereza jaji hafuti sheria ya Bunge, anaishia kutamka kwamba haiendani na haki za binadamu, Bunge lijiju. Ufaransa nayo mpaka 2010 sheria ilikaguliwa kabla ya kusainiwa tu, ikishapita imepita.

kipepeo_usiku: Ahaa. Sasa ikifutwa si linabaki pengo?

dada_sheria: Si lazima. Afrika Kusini 2005 Mahakama ya Katiba ilisema sheria ya ndoa inawabagua wapenzi wa jinsia moja, lakini ikalipa Bunge miezi 12 lirekebishe, lisiporekebisha maneno yanayokosekana ya kuwajumuisha yahesabike yameshaingizwa. Sheria mpya ikaanza 30 Novemba 2006, muda unakatika kabisa.