Naomba ushauri: niwafundisheje watoto habari za walowezi wa Marekani?

Walimu wenzangu, habari zenu. Nafundisha darasa la nne hapa Missouri, na mada inayofuata ni walowezi waliohamia magharibi. Safari yenyewe wataipenda: mikokoteni ya maksai iliyofunikwa turubai, kutoka mji wa Independence hapa Missouri hadi Oregon, kwenye pwani ya magharibi, kama kilomita 3,200, wengi wakienda kwa miguu na kipindupindu kikiwamaliza njiani. Kinachoninyima usingizi ni habari za wenyeji wa asili wa Marekani. Sheria ya 1862 iliyowapa walowezi hadi ekari 160 iligawa ardhi iliyokuwa na wenyewe. Na kabla ya hapo, mwaka 1838, Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji hao, walitimuliwa kwao kwa mtutu wa bunduki, maelfu wakafa. Sitaki kuwaficha watoto ukweli huu, wala kuwatia hofu. Mliowahi kuifundisha, mlianzia wapi? Na igizo la safari linafaa kweli, au linageuza msiba wa watu kuwa mchezo?