Mkulo wa Usambara: nitajuaje ulienea wapi zamani?

Shume_Juu: Wakuu, nachora ramani ya maeneo ulikoota mkulo, Ocotea usambarensis, kabla misitu ya Usambara haijakatwa. Nimepakua rekodi za hebaria (mikusanyo ya mimea iliyokaushwa) kutoka GBIF, hifadhidata ya wazi ya kimataifa ya viumbe. Nukta kadhaa zimeangukia Ethiopia, mbili ziko Ghuba ya Guinea, na lebo nyingine zinasema "Usambara" basi. Nizisafisheje? Na kuna njia ya kurudi nyuma kabla ya wakusanyaji wa Kijerumani?

Lebo_Kongwe: Kuhusu Ethiopia, tafuta kwanza alama ya kutoa iliyosahaulika. Lushoto iko takriban latitudo -4.8, longitudo 38.3. Ondoa alama hiyo, unatua karibu na Yabelo, kusini mwa Ethiopia. Zile za Ghuba ya Guinea ni 0,0, yaani mtu aliacha nafasi tupu. Futa koordineti, ila bakiza rekodi.

Lebo za Kijerumani zinataka subira. "Wilhelmsthal" ndiyo Lushoto. "Tanga" huweza kuwa wilaya nzima, au bandari mzigo ulikopakiwa. Mkulo ni mti wa milimani, hauoti ufukweni. Kila nukta iandikie na nusu kipenyo cha mashaka kwa mita, yaani ukubwa wa duara ambamo mti huenda ulikuwa. Lebo ya "Usambara" peke yake ina mashaka ya makumi ya kilomita, kwa hiyo usiilinganishe na ramani ya mvua yenye miraba ya kilomita 1. Mwinuko ukiwa umeandikwa, utumie kulibana duara.

Angalia na datamu, yaani kielelezo cha umbo la dunia ambacho koordineti hupimiwa. Ramani za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa Arc 1960. Ukizisoma kama WGS84, datamu ya GPS, nukta inahama kama mita 300. Kwa miteremko ya Usambara, hiyo inatosha kukutoa mgongoni mwa mlima hadi bondeni.

Sampuli za hebaria ya Berlin nyingi ziliungua Machi 1943. Tafuta nakala pacha kwenye hebaria za Kew (Uingereza) na Nairobi. Hebaria ya Amani, Usambara Mashariki, ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950.

Tope_Jeusi: Kurudi nyuma zaidi, watu hukimbilia chavua kwenye matope ya kinamasi: unazamisha mrija, unatoa tope vipande vya nusu mita, unaliosha kwa kemikali, unahesabu chembe 300 au zaidi kwa kila tabaka. Kwa mkulo njia hii itakudanganya. Uko familia moja na mparachichi, na chavua ya familia hiyo ina ganda jembamba mno. Huoza, na kidogo kinachobaki huliwa na asidi maabara. Usipoiona, usiandike kwamba mti haukuwepo.

Tafuta makaa udongoni. Chimba shimo, chukua udongo kila sentimita 10, chekecha kwa maji kwenye ungo wa milimita 2. Kaa livunje kwa vidole upate nyuso tatu: mkato wa kukingama, na mikato miwili ya wima, mmoja ukifuata miale (mistari ya seli itokayo kiini kwenda gome) na mwingine ukiikata. Chini ya hadubini utaona seli zilizovimba kando ya miale. Hizo ni seli za mafuta, dalili ya familia hii. Kufikia mkulo wenyewe, linganisha na mbao zinazojulikana.

Shume_Juu: Nikipata, nipime umri kwa kaboni kipande chochote?

Tope_Jeusi: Hapana. Mkulo huishi karne kadhaa, na kaa la kiini cha gogo hutoa umri wa kiini, si wa moto. Chagua kijiti chenye gome. Pima kila kipande peke yake, usichanganye. Pima kadhaa kwa kila shimo, maana mchwa na mizizi huhamisha makaa juu na chini. Na kaa mbali na matanuri ya zamani ya chuma: kuni zake zilibebwa kutoka kwingine.