Noti za euro 500: niweke benki, nilipie gari, au nije nazo Dar?

Kijana_Pongwe: Habari za jioni wakuu. Nimeachiwa noti kadhaa za euro 500, zile za zambarau. Nasikia hazitolewi tena. Mwezi ujao nataka kununua gari la mkononi. Niweke benki, nimlipe muuzaji hivyo hivyo, au nije kubadilisha Dar? Naogopa zisije zikanifia mkononi.

Bwana_Dizeli: Kadhaa ni ngapi, tatu au thelathini? Uko nchi gani? Akaunti unayo? Umeachiwa na nani? Unataka dawa na hujasema unaumwa wapi.

MamaTausi: Hazifi mwanangu. Benki Kuu ya Ulaya iliamua mwaka 2016 kuachana nazo, na Ujerumani na Austria ndizo zilizomalizia kuzitoa, Aprili 2019. Lakini ni pesa halali mpaka leo, na benki kuu za nchi za euro zinazibadilisha bila kikomo cha muda. Usichanganye na noti zetu za zamani ambazo Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilizikusanya kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Zile zilikuwa na tarehe ya mwisho.

Nyuki_wa_Kilifi: Hayo ya tarehe tuulizeni sisi Wakenya. Juni 1, 2019 Gavana wa Benki Kuu yetu, Njoroge, akatangaza kwamba elfu moja ya zamani mwisho wake Septemba 30. Zaidi ya shilingi bilioni 7 hazikurudi! Mimi siweki tena noti kubwa nyumbani, pesa yangu yote iko kwa simu.

Kijana_Pongwe: Samahani wakuu. Niko Ujerumani, karibu na Kassel. Noti ni kumi na nne, za marehemu baba mdogo. Akaunti ninayo.

Bwana_Dizeli: Pole kwa msiba. Sasa sikiliza yaliyonikuta. Niliuza pikipiki, jamaa akanilipa noti moja ya 500 na nyingine ndogo ndogo. Nikajiona tajiri. Nikapita sheli, nikajaza dizeli ya euro 84. Kufika kwa keshia natoa zambarau yangu, dada ananionyesha kikaratasi kwenye kioo: 200 na 500 zimepigwa mstari mwekundu. Muda wote nilikuwa nimekiegemea kwa kiwiko. Zile ndogo nilishamwachia mwenye nyumba, kadi iko nyumbani. Nyuma yangu foleni, mzee mmoja kashika soseji yake inapoa. Nikaambiwa acha kitambulisho, nenda benki. Benki nayo, Jumatano mchana, imefungwa. Ikabidi nimpigie mke wangu, akaja na basi, mtoto mgongoni, kadi mkononi. Hakunisemesha mpaka Ijumaa. Na hiyo ni noti moja tu. Wewe unazo kumi na nne.

Fundi_Saa: Dukani sahau. Nenda tawi la Bundesbank, benki kuu ya Ujerumani, wanakupa za 50 na 100 bila ada. Hao hata Mark, pesa ya Ujerumani kabla ya euro, wanabadilisha mpaka leo, Mark 1.95583 kwa euro moja. Mzee mmoja jirani yangu alikuta Mark 1,000 ndani ya Biblia, akalipwa. Ufaransa ilishafunga dirisha la faranga tangu 2012.

MamaTausi: Asafiri mpaka Bundesbank ya nini na akaunti anayo? Weka kwenye benki yako. Ukizidi euro 10,000 ndipo wanadai uthibitisho pesa imetoka wapi, yeye ana 7,000. Ila usizikate vipande vipande ukaweka mbili leo, tatu kesho. Hapo ndipo utaonekana unaficha kitu. Nenda na karatasi za mirathi, siku moja, umalize.

Fundi_Saa: Benki nyingine siku hizi hazina hata mtu wa dirishani. Utaongea na mashine?

Nyuki_wa_Kilifi: Wahispania wanaziita Bin Laden, kwa sababu kila mtu anajua zipo na hakuna aliyeziona 😂. Milioni nzima ya euro kwa hizo ni kama kilo mbili na kitu. Ndiyo maana wauza unga walizipenda.

Kijana_Pongwe: Baba mdogo alikuwa fundi bomba jamani.

Nyuki_wa_Kilifi: Sijasema kitu, boss. Pole.

Msafiri_Tanga: Dar mimi nisingethubutu. Dola za vichwa vidogo, zile za zamani, zenyewe maduka ya kubadilishia fedha yanazikataa au yanakupunja, sembuse noti ambayo kijana wa kaunta hajawahi kuishika. Ataigeuza, ataimulika, ataita bosi, bosi atakwambia njoo kesho.

Bwana_Dizeli: Halafu gari lenyewe ni gani?

Kijana_Pongwe: Golf ya dizeli, 2012.

Bwana_Dizeli: Umefanya vizuri.

Fundi_Saa: Dizeli kwa safari za mjini? Kichujio cha moshi kitaziba. Tafuta Yaris ya petroli.

Msafiri_Tanga: Yaris kwa mtu mrefu ni adhabu.

Kijana_Pongwe: Wakuu, nimezitoa nikazikagua tena. Moja imechanika kona, kipande hakipo.

Bwana_Dizeli: Hilo nalo ulisubiri nini kulisema?

MamaTausi: Ikibaki zaidi ya nusu wanakubadilishia. Hiyo moja ndiyo upeleke Bundesbank. Na Golf muulize muuzaji mkanda wa injini ulibadilishwa lini.