Mchezaji wetu bora wa PUBG haji mazoezi, nimtoe ama nimvumilie?

Kapteni_Kisauni

Asalaam aleikum waungwana. Nina swala la timu lanisumbua wiki ya tatu sasa, wale mshawahi kuendesha timu nisaidieni kabla sijafanya jambo nikajuta.

Sisi ni kitimu cha PUBG Mobile, ile gemu ya simu mwaruka kwa ndege mwapigana mpaka ibaki timu moja. Tulianza wanne hapa maskani Kisauni, tukicheza usiku kila mtu ashatoka kazini, sai tuko sita, mmoja yuko Likoni mwengine Changamwe. Mimi ndio kapteni na si kwa kujua kucheza, kulenga kwangu wallahi ni kwa kubahatisha, ni vile tu mimi ndio nilifungua grupu ya WhatsApp na mimi ndio huongea na wenye mashindano, basi ukapteni ukanigandia hapo.

Sasa kuna kijana tumwite Chui. Chui ni moto, mpe bunduki ya M416 umuache juu ya paa uende zako ukanywe kahawa, ukirudi uwanja mweupe. Lakini mazoezi haji. Tuna mazoezi saa tatu usiku Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, yeye atatokea saa nne kasoro, maiki hafungui, ukimuuliza ati nyumbani watu wamelala. Tukiruka anajirukia peke yake Pochinki, mji wa katikati ya ramani, kutafuta vita, sisi tuko mji mwengine, Rozhok, twamngoja kama abiria wa feri. Halafu siku ya mashindano aja amenyooka, aua watu, grupu nzima yamwimbia.

Mwezi jana tukashika nambari tatu tukapata 6,000. Zikaingia kwa M-Pesa yangu, nikagawa elfu elfu kwa watu sita, gharama za kutuma nikajilipia mwenyewe. Haijapita dakika tano Chui aweka skrinshoti kwa grupu, watu wote aliowaua siku ile, 17, amezungushia duara jekundu, hakuandika neno. Kila mtu kimya. Saa saba usiku akanifuata pembeni ati yeye ni wa 2,500, na yule wa Likoni ambaye hakucheza hata mechi moja apewe ya nauli tu. Na huyo wa Likoni ndio hakosi mazoezi hata siku moja! Siku ya mashindano tulikusanyika kwangu, akavuka feri asubuhi na mapema na pawabenki mbili, akakaa nyuma yetu achaji simu za watu na kutwambia duara, ile sehemu salama inayozidi kupungua, lafungia wapi.

Nimesikia kuna timu ya Mji wa Kale wamnyemelea Chui. Nimtoe, nimvumilie, ama nimpe hizo 2,500 yaishe? Pesa nyinyi mwagawanya vipi? Na kuna vijana wawili waomba kuingia, mtu mpya mwampima na nini?

Babu_Tudor

Waaleikum salaam. Pole kapteni. Kwanza nikuulize, hizo 17 ni kwa mechi ngapi? Maana watu wengi wacheza mashindano kama wanavyocheza ranki, yaani mechi za kila siku za kupanda daraja, na hizo ni gemu mbili. Ranki mko watu 100 kwenye ramani ya Erangel ya kilomita 8 kwa 8, wengi wao waruka Pochinki na School, dakika chache washakwisha. Mashindano huwa ni timu 16 za watu wanne, yaani 64, na kila timu ina mahali pake pa kushukia haimsumbui jirani, kwa hivyo mpaka duara la nne la tano uwanja bado umejaa.

Halafu pointi. Mashindano mengi siku hizi yafuata hesabu ya yale makubwa: wa kwanza 10, wa pili 6, wa tatu 5, kisha 4, 3, 2, wa saba na wa nane moja moja, wa tisa kwenda chini hakuna kitu. Kila mtu unayemuua pointi moja. Sasa Chui aruka peke yake aua watatu afa, nyinyi mlobaki mwafinywa mwatoka wa kumi na moja, mna pointi 3. Timu nyingine imetoka ya pili na imeua wanane, 6 na 8 ni 14, na yule alieshinda mechi yenyewe akiwa ameua watatu ana 13! Kwa hivyo asikwambie mtu kuua hakuna maana, kuna maana sana, lakini uwe waua mkiwa bado wanne hai na duara limeshakuwa dogo.

Usibishane nae kwa WhatsApp. Kaeni pamoja mfungue rekodi za mechi, kila alipokufa mwambie ahesabu mwenzake wa karibu alikuwa mita ngapi. Sisi tulimfanyia hivyo mmoja wetu, mechi 12, tisa amekufa na wenzake wako zaidi ya mita 200. Hakusema kitu, aliomba maji ya kunywa.

Na pesa iandikwe KABLA ya kucheza yakhe. Timu yangu ya kwanza ilivunjika kwa 4,000. Si laki, elfu nne! Zilikaa kwa simu ya kapteni wiki mbili, leo mtandao, kesho simu iko kwa fundi, Ijumaa tukamuona msikitini na kanzu mpya. Sai twatoa kwanza fungu la bando na ada ya kuingilia mashindano, yanayobaki sawa kwa sawa, mchezaji wa akiba pia apata kama amefika mazoezi, na aliekosa mazoezi zaidi ya mawili kwa mwezi huchukua nusu. Kuua hatulipi. Siku utakayolipa kuua, mwenzio ataanguka chini aomba afufuliwe na wewe umemruka wakimbilia adui mwengine, shauri ya shilingi mia.

mabuyu_tamu

Mtoeni aende Mji wa Kale, mkutane nae fainali awamalize nyote mpaka wa pawabenki 😂😂

Binti_Bamburi

Mabuyu wacha maneno hayo, mwenzako aumwa kichwa.

Kapteni mie naongelea hapo kwa mtu mpya na pia hilo la maiki. Timu yangu ya kwanza siku nilofungua maiki nikasikia "eeh kumbe ni msichana, dada tuletee chai" na kicheko, basi nikafunga nikacheza miezi miwili bila sauti nikiweka alama tu kwa ramani. Kapteni akaniita mvivu wa kuongea. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini. Kwa hivyo huyo Chui kabla hujamuandika kwa daftari la wavivu muulize vizuri, mkiwa wawili, nyumbani kwao kukoje. Yawezekana alala chumba kimoja na wadogo zake wanne, yawezekana pia ni kiburi tu, lakini uliza.

Timu niliyo nayo sasa walinichukua kwa mechi tano za majaribio na matokeo hawakuyahesabu kabisa. Walikuwa wasikiliza. Nikimuona adui nasema "yuko pale" ama nasema "145, nyuma ya jiwe, peke yake", hio 145 ikiwa ni namba ya dira juu ya skrini? Maana "pale" ni wapi na kila mtu ana pale yake. Nina mabomu ya moshi kwa begi ama nimejaza risasi mpaka shingoni? Na mtu akifa aongea nini. Mechi ya pili mwenzangu alinifungulia mlango adui wako nje, nikafa pale pale, nilikuwa na hasira hizo! lakini nikasema tu wako wawili, mmoja hana kofia. Wakammaliza. Kapteni alinambia baadae hio sentensi ndio ilinipa nafasi, si kulenga.

Na wale vijana wawili usiwaombe ada ya kujiunga wala nywila ya akaunti, kuna "timu" moja iliniomba nywila ati ndio waweke jina lao, nikawabloku. Gemu yenyewe yakataza kuuza na kukodisha akaunti, mkishikwa akaunti yafungwa na miaka yako yote ya kucheza imekwenda.

Fundi_MwembeTayari

Nyote mwaongea tabia hakuna aliyeuliza simu. Mie natengeneza simu hapa, naletewa na vijana wa gemu kila wiki, simu imechemka betri imefura kama andazi na yeye ashangaa kwa nini picha yakwama akipiga risasi. Mwambie Chui alete simu yake uishike baada ya mechi tatu. Kama haishikiki mkononi basi huenda aja saa nne kasoro kwa sababu ni mechi mbili tu simu yake yaweza.

La pili, saa tatu usiku ndio mtaa mzima uko kwa video, hata waifai ya nyumbani yajikokota. Sisi Ramadhani twacheza kuanzia saa sita usiku, watu washatoka tarawehe, mpaka daku, na pingi, ule muda wa simu kuongea na sava, yaani kompyuta inayoendesha gemu, yashuka vizuri, kwangu yatoka milisekunde 160 mpaka 110 hivi. Siku moja nyote sita muangalie pingi ya sava ya Mashariki ya Kati na ya Ulaya muandike namba, mchague moja mkae nayo, si huyu huku yule kule. Watu hudhani kwa vile nyaya za baharini zatua hapa kwetu, TEAMS tangu 2009 yaenda Fujairah kule Falme za Kiarabu na EASSy ikaja 2010, basi sisi tungekuwa wa kwanza. Waya kupita mlangoni kwako hakuifanyi sava ya gemu iwe Makadara, bado risasi yako yavuka bahari na kurudi. Mwakumbuka Mei 2024 EASSy na waya mwengine wa Seacom zilipokatika, wiki ile hata kupakia mechi ilikuwa kazi.

Bando pia. Mechi yenyewe haili sana, kinachomaliza ni masasisho, likija sasisho kubwa kijana asie na waifai apotea siku tatu na mwasema amewakimbia. Toeni hela ya timu mumpe bando ya sasisho. Naunga mkono Babu hapo kwa fungu la kwanza.

Kapteni_Kisauni

Shukran sana nyote. Jana baada ya magharibi nilimuita Chui barazani, nikanunua viazi karai vya mia mbili tukakaa wawili. Fundi simu yake nimeishika, iko sawa haichemki. Binti, nimemuuliza pia, nyumbani kweli walala mapema, babake atoka saa kumi alfajiri kwenda kazini bandarini. Hio sikuwa naijua na tumejuana miaka mitatu. Basi nimesema mazoezi yatakuwa saa mbili, akubali ama asikubali.

Kisha tukafungua rekodi. Mechi sita, watu 17, na amekufa mara tano akiwa peke yake. Ya tano alijifanya amepigiwa simu. Pesa nimemwambia zilizopita zimepita, kuanzia sasa ni ile ya Babu ya fungu la bando kwanza, nimeiandika na kuiweka juu kabisa kwa grupu. Na mashindano ya mwezi huu, wa Likoni ndio aanza, Chui akae akiba mpaka afike mazoezi sita. Hakusema ndio hakusema la, alimaliza viazi na ukwaju wote akaondoka.

Leo asubuhi naamka ameshajitoa grupu. Nikasema haya, Mji wa Kale wamepata mtu. Saa nane mchana anitumia ujumbe, "mazoezi ni saa mbili kamili ama na dakika?"

mabuyu_tamu

Mwambie na dakika 😂 lakini mrudishe kwa grupu basi.

Kapteni_Kisauni

Nshamrudisha. Wa Likoni ndie alienikumbusha.