Masomo ya nyumbani kwa watoto wa miaka 11–14: nani amefundisha kwa sanaa za kwetu?

Kutoka: Mama wa watatu, Columbus

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Swali kwa waliokwishapita njia hii. Binti yangu ana miaka 12 na mwaka huu tumeanza kumsomesha nyumbani. Kwa upande wa sheria Ohio haitusumbui. Tangu Oktoba 2023 mzazi anapeleka taarifa kwa msimamizi wa skuli wa wilaya, na ile tathmini ya kila mwaka imeondolewa. Kinachonikosesha usingizi ni ufundishaji wenyewe. Wazazi wenzangu hapa wote wanasifu kuunganisha sanaa na masomo, nami nikanunua programu moja ya mtandaoni kwa pesa nzuri. Nilichopata ni kurasa za kupaka rangi. Mtoto anasoma habari za volkano, halafu anapaka rangi picha ya volkano. Si mtoto wa chekechea huyu! Amechoka, na mimi nimechoka naye.

Juni tunakuja nyumbani kwa wiki sita, Unguja kwanza halafu Pemba kwa mama mkwe. Nataka safari hii iwe darasa kweli. Nianzie wapi?

---

Kutoka: Mama wa Leicester (kwa sasa Wete)

Wa alaykumu ssalaam dada yangu,

Barua yako imenikuta barazani kwa shangazi yangu hapa Wete, nimezungukwa na miyaa ya kusukia mikeka. Tuko hapa tangu mwezi uliopita na wanangu wawili, wa kiume miaka 12 na wa kike 14, kwa hiyo nakujibu mambo yakiwa bado ya moto.

Hao waliokuuzia wamekuuzia jina tu. Walimu wengi wa Marekani hufuata maelezo ya Kennedy Center, kituo cha sanaa cha Washington, na yako wazi: mtoto aonyeshe alichokielewa kwa njia ya sanaa, na pawe na lengo la kujifunza pande zote mbili, kwenye somo na kwenye sanaa. Mtoto aliyepaka rangi volkano hakujifunza kuchora, wala hakujua kwa nini mlima unatapika moto. Mimi sasa najiuliza swali moja kabla ya kila kazi: nikiondoa sanaa, somo litabaki vilevile? Likibaki vilevile, basi ile sanaa ilikuwa pambo, naitafuta kazi nyingine.

Nikueleze ya mkeka, maana ndiyo iliyonifungua macho. Wiki ya kwanza shangazi alimkalisha mwanangu akamfundisha kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Siku tatu nzima ilikuwa kuchana miyaa na kusuka na kufumua. Shangazi hamwambii mtoto "vizuri sana" kila dakika kama walimu wa kule. Anauchukua ukili, anaupitisha baina ya vidole akiwa amefumba macho, na penye kosa vidole vinasimama. Anamrudishia bila neno. Siku ya nne vidole havikusimama.

Hapo ndipo hesabu ikaingia, wala si mimi niliyeileta. Mtoto aliuliza ukili huu usukwe mpaka lini. Shangazi akamjibu, kwa mkeka huu, pima ishirini na tano. (Pima moja ni mikono miwili ikinyooshwa, ncha ya vidole hadi ncha.) Kijana wangu akatoa utepe wa sentimita. Mkeka ulitakiwa uwe na urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2, na ukili wake ulikuwa na upana wa sentimita 6. Kwa hiyo mistari 20, kila mmoja mita 2, jumla mita 40. Akaanza kupima kwa mikono yake, akapata pima 27 na ziada. Akasema kwa heshima, "Bibi, umekosea." Shangazi akasimama, akanyoosha mikono, akamwambia apime: mita 1.6. Wake yeye ukatoka mita 1.45. Arubaini ugawe kwa 1.6 unapata ishirini na tano kamili. Kijana alikaa kimya kidogo, halafu akaomba daftari mwenyewe.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za uwiano. Shibiri mbili mkono mmoja, mikono minne pima moja. Akapima kila aliyepita barazani, akachora grafu ya urefu wa mtu na urefu wa pima yake, akaona nukta zinakaribia mstari ulionyooka. Hiyo ni hesabu ya darasa lake kabisa, na Leicester tulishaililia mezani. Na mkeka upo, dada. Una makosa katika mstari wa tatu ambayo hakutaka yafumuliwe.

Binti yangu tulimwanzisha Unguja kwa muziki. Anapiga fidla kidogo, na tulipata mpiga udi mjini aliyesomea Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kile kilichoanzishwa mwaka 2002. Udi wake ulikuwa na nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa peke yake. Fundi alimwachia apime: waya kutoka daraja hadi mwisho wa shingo, kisha akabana katikati kabisa. Sauti ikawa ileile, imepanda juu. Akabana theluthi, akabana robo, akaandika kila kipimo. Fizikia ya mawimbi ya sauti aliyoisoma kwenye kitabu kwa wiki mbili bila kuielewa aliishika alasiri moja. Ila nakutahadharisha: lengo la muziki tulilisahau siku ile. Fundi ndiye aliyenikumbusha kwamba mtoto amepima sana na hajapiga hata kipande. Tukarudi siku ya pili bila rula.

Historia tuliifanya kwa Siti binti Saadi, yule mwimbaji wa taarabu. Tulikwenda Fumba alikozaliwa mwaka 1880, tukarudi mjini kwa njia ambayo binti aliichora mwenyewe kwenye ramani, maana Siti alikuwa akiuza vyungu kabla ya kujulikana kwa kuimba. Halafu mstari mrefu kuvuka bahari hadi Bombay, alikorekodi mwaka 1928. Nilimwachia swali moja tu: kwa nini Bombay, na si Nairobi wala London? Ametoka kwenye sahani za santuri akaenda kwenye biashara, akafika mpaka pepo za kaskazi na kusi. Kurasa tisa, mtoto ambaye aya moja ilikuwa vita.

Milango ya Mji Mkongwe usiikose kwa jometri, lakini usimpeleke mtoto "kuona milango". Mchagulie mmoja tu, akae mbele yake saa nzima na bikari, na achore nusu. Upande wa pili wa mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, aumalize nyumbani kwa ulinganifu, kesho arudi kulinganisha. Wangu aligundua kwamba mchongaji hakurudia maua sawasawa pande mbili. Alidhani kakosea yeye.

Nina mengi lakini chaji inaisha.

---

Kutoka: Baba wa Malmö

Salaam,

Nawaonea wivu wa kheri. Wenzetu walioko Sweden wajue kwamba mlango huu kwetu umefungwa. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 2010 kusomesha nyumbani kunaruhusiwa kwa sababu za pekee kabisa, na imani ya dini au falsafa ya mzazi haihesabiwi. Ujerumani nako mtoto lazima aende skuli. Kwa hiyo msisome barua ya dada wa Wete mkakurupuka.

Tunachofanya sisi ni Jumamosi, familia nne, nyumba kwa zamu. Na kuna haki ambayo wengi wetu hawaitumii: mtoto anayezungumza lugha nyingine nyumbani anaweza kuomba masomo ya lugha ya mama skulini. Manispaa inawajibika ikiwa wanafunzi wa lugha hiyo wamefika watano na mwalimu anapatikana. Watano tu! Tulizunguka nyumba kwa nyumba tukawapata saba. Ombeni kwa maandishi.

Swali langu kwa dada: hizo kanga nazo je? Mke wangu anataka kuzitumia na hatujui zaidi ya kusoma jina.

---

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Chake Chake

Wanangu,

Binti yangu ndiye anayenisomea barua zenu, nami nimeona nichangie moja, maana nimefundisha Kiswahili miaka mingi na naona mmeusahau ushairi, wakati Pemba ndiyo kwao Kamange na Sarahani, watu waliokuwa wakijibizana kwa beti.

Mjukuu wangu alikuja kutoka Uingereza, miaka 13, Kiswahili chake cha jikoni. Nikamwambia atunge ubeti mmoja wa utenzi: vipande vinne, kila kimoja mizani (silabi) nane, vitatu vya mwanzo vyote na kina kimoja, cha nne na kina chake. Akaleta huu:

Bibi kaninyooshea
Mkono akapokea
Vidole vikalegea
Ukili ukanishinda

Uzuri wake nimeuona mimi babu yake. Lakini tulifikaje? Alikuwa na hakika kwamba kipande cha pili kina mizani saba, akataka kuongeza neno. Kwake yeye "mkono" ni mawili, mko-no, kama anavyotamka kule. Sikumkosoa. Nilimpa meza apige kwa kiganja, pigo moja kila mizani, nami nikapiga naye. Kila tukifika "mkono" mimi napiga mara tatu, yeye mara mbili, tunagongana. Mara ya tano akaisikia ile "m" ikisimama peke yake. Tangu siku hiyo matamshi yake yote yamebadilika: mtu, mti, mpira, mbuyu. (Mbuzi ndiye aliyemtatiza tena, maana pale "m" haisimami peke yake, mbu-zi, mawili. Akatafuta sababu mwenyewe, akaandika orodha mbili.) Hiyo ni sarufi, na ni ngoma.

Akishaiva mpeni shairi la tarbia. Mishororo minne, kila mmoja mizani 16 iliyokatwa katikati, nane kwa nane. Ubeti mmoja mizani 64. Mwacheni agawanye mwenyewe kwa nusu, robo na thumuni huku akipiga ngoma, mtaona sehemu za hesabu zinavyoingia. Na mwanangu wa Columbus akifika Pemba ulizieni kibati, apate kusikia watu wanavyojibizana kwa kasi ngoma ikilia.

---

Kutoka: Mama wa Leicester (Wete)

Shikamoo Maalim, na ahsante sana. Nimemsomea kijana wangu ubeti ule, kacheka mpaka kalala chini, maana ndiyo hali yake na ukili. Nitamleta Chake Jumamosi ukituruhusu.

Kaka wa Malmö, kanga ina pindo, mji na jina. Wangu alipima pindo la pande zote nne akatafuta eneo la mji kuwa sehemu ya ngapi ya kanga nzima, kisha akapewa karatasi achore ya kwake kwa uwiano uleule. Jina lilimchukua muda kuliko mchoro. Msimpe mtoto jina la kunakili. Mwache amfikirie mtu mmoja anayemjua na neno ambalo hawezi kumwambia usoni.

Sasa ya karatasi, maana wengi wa Uingereza wameniandikia pembeni. Sheria ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996: mzazi anawajibika mtoto apate elimu ya kutosha ya muda wote inayofaa umri na uwezo wake, skulini "au vinginevyo". Hilo "vinginevyo" ndilo letu, na hulazimiki kufuata mtaala wa taifa. Lakini tafadhali, msimtoe mtoto skuli kwa ajili ya safari ya miezi mitatu mkidhani nafasi itamngoja. Ukiandika barua ya kumtoa, nafasi imekwenda, na ukirudi unaomba upya kama mgeni. Mimi nilimtoa kwa kukusudia, baada ya mwaka mzima wa kufikiri. Na posho ya watoto kwa kawaida husimama mkikaa nje zaidi ya wiki nane. Sikuijua hiyo nilipokata tiketi, ikatubana.

Ofisi ya elimu ikiuliza, na ina haki ya kuuliza, mimi napeleka daftari. Kila kazi ina tarehe, picha ya kazi ikiwa katikati na ikiwa imekwisha, na mistari michache ya mtoto mwenyewe: nilitaka kujua nini, nilikosea wapi, nimejua nini cha somo na nini cha sanaa. Yale ya makosa ndiyo yanayowaridhisha, kwa sababu hapo ndipo fikra zake zinapoonekana. Grafu ya pima ilikuwa na nukta moja iliyokaa mbali kabisa. Mtoto kaandika chini yake kwamba babu wa jirani mkono wake mmoja haunyooki.

Dada wa Columbus, mafundi walipe. Shangazi yangu hakutaka, nikamwekea chini ya mkeka. Lakini mpiga udi na mchongaji wanaishi kwa kazi hiyo, kubalianeni bei kabla ya somo kama unavyokubaliana na mwalimu wa hesabu. Na wiki sita ni chache. Chagua kazi mbili, moja Unguja na moja Pemba, zikamilike. Sisi tulianza na tano, tatu zimebaki vipande kwenye mfuko.

Ukija Wete Juni sisi bado tupo. Njoo na utepe wa sentimita, bikari nzuri ya chuma na madaftari ya karatasi nene, hayo hapa tumeyatafuta hatukuyapata. Miyaa shangazi ameshaianika.